Papa wa Kilindini na Kima Punju

Mwanafunzi, umepata kusimama pwani ya Kunduchi asubuhi na mapema, wakati mashua zinaporudi kutoka uvuvini? Kama wakaa Kinondoni, huenda umepata. Kama wakaa Temeke, yamkini papa umemjua kwa njia nyingine. Umemwona sokoni, amekaushwa kwa chumvi na jua, amekatwa vipande, na harufu yake imekufikia kabla wewe hujaifikia meza ya mwuzaji. Kwa vyovyote vile papa si mgeni kwako.

Lakini papa wanaoletwa sokoni aghalabu ni wa maji ya karibu. Wako papa wengine waishio mbali chini, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki. Katika sura hii tutajifunza habari za papa wa namna hiyo. Kisha tutamlinganisha na mnyama ambaye, ukimtazama mara ya kwanza, hana uhusiano wowote naye. Mnyama huyo ni kima punju, aishiye juu ya miti katika kisiwa cha Unguja, ng'ambo ya bahari ile ile unayoiona ukiwa Kunduchi.

Pengine utauliza, kwa nini tulinganishe samaki na kima? Swali lako ni la haki. Liweke moyoni. Jibu lake utalipata tutakapofika kwenye habari za uzazi wao.

Kushuka kilindini

Tuseme umepanda mashua hapo Kunduchi, ukaelekea mashariki. Mwanzoni maji si ya kina kirefu. Mkondo ulio kati ya bara na Unguja, sehemu zake nyingi, haufiki meta 60 kwenda chini. Lakini ukikizunguka kisiwa na kuendelea mbele, sakafu ya bahari huinama ghafla kama ukingo wa korongo. Chini ya mashua yako sasa pana meta 200, kisha 500, kisha 1,000 na zaidi. Mahali kama hapo huitwa kilindi.

Hali ya kilindini si kama ya ufukweni. Kadiri ushukavyo ndivyo mwanga upunguavyo. Ukifika meta 200 mwanga uliobaki ni hafifu mno, wala mimea haiwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga huo. Ukifika meta 1,000 hakuna mwanga wa jua hata kidogo. Mchana na usiku ni mamoja. Maji nayo huwa baridi. Juu, karibu na ufuko, maji ni ya vuguvugu, lakini kwenye meta 500 joto lake hushuka na kuwa karibu nyuzi 10 za Sentigredi.

Jambo la tatu ni kanieneo. Maji yana uzito, na maji yaliyo juu huyakandamiza yaliyo chini. Kwa kila meta 10 unazoshuka, kanieneo huongezeka kwa kiasi kilicho sawa na kanieneo lote la hewa linalotukandamiza sisi hapa nchi kavu. Basi piga hesabu. Kwenye meta 500, nyongeza hiyo ni mara ngapi? Ni mara 50. Chukua chupa tupu ya plastiki, ifunge kifuniko, uibane kwa mikono miwili. Inabonyea. Sasa ijaze maji pomoni, uifunge, uibane tena. Safari hii haibonyei. Hewa hubanika kwa urahisi, bali maji na mafuta hayabaniki hivyo. Likumbuke jaribio hili, maana litatufaa sasa hivi.

Papa mwenye macho ya kijani

Miongoni mwa papa wa kilindini iko jamaa moja ambayo wanasayansi huiita Centrophorus. Jina hilo limetokana na Kigiriki, na maana yake ni "mbeba miiba". Wamepewa jina hilo kwa sababu papa hao wana mapezi mawili mgongoni, na mbele ya kila pezi umesimama mwiba. Hupatikana katika bahari nyingi za dunia, pamoja na Bahari ya Hindi. Katika sura hii tutawaita papa-kilindi.

Papa-kilindi si mkubwa. Wengi wao wana urefu wa meta 1 hadi meta 1 na nusu, yaani pengine urefu wako wewe. Rangi yake ni ya kijivu au hudhurungi. Kitu cha kushangaza ni macho. Ni makubwa kuliko inavyostahili kichwa chake, na hung'aa kwa rangi ya kijani. Nyuma ya jicho umo utando unaorudisha mwanga kama kioo, hata ule mwanga kidogo uliopo upite mara mbili machoni. Umepata kummulika paka kwa tochi usiku ukaona macho yake yakiwaka? Utando wa paka hufanya kazi ile ile.

Papa huyu ni samaki. Hupumua kwa matamvua, naye ana nafasi tano za matamvua kila upande wa kichwa. Damu yake ni baridi, yaani joto la mwili wake hufuata joto la maji yaliyomzunguka. Ana uti wa mgongo, lakini si wa mfupa. Mwili wake wote umejengwa kwa gegedu, kitu kigumu kiasi lakini chenye kupindika. Shika sikio lako ulikunje. Hilo nalo lina gegedu ndani yake. Ngozi ya papa imefunikwa na vijimeno vidogo vidogo sana, hata ukipitisha mkono kutoka mkiani kuelekea kichwani utaona inakwaruza. Mafundi seremala wa zamani walitumia ngozi ya papa kulainishia mbao, kama tutumiavyo msasa leo.

Sasa turudi kwenye chupa yetu. Samaki wengi wenye mifupa wana mfuko wa hewa tumboni, nao huwasaidia kuelea. Papa hana mfuko huo. Na hata angekuwa nao, kule chini hewa ingebanwa na kanieneo kama ulivyoibana chupa tupu. Badala yake ana ini kubwa ajabu lililojaa mafuta. Katika jamaa ya papa-kilindi, ini peke yake huweza kufika robo ya uzito wa mwili mzima. Mafuta ni mepesi kuliko maji, tena hayabaniki kwa urahisi. Kwa hiyo papa hukaa majini bila kuzama na bila kutumia nguvu nyingi.

Watu wa pwani yetu wamelijua ini la papa tangu kale. Mafuta yake, yaitwayo sifa, yalipakwa kwenye mbao za majahazi ili zisiharibiwe na maji. Ukisikia mzee wa pwani akisema chombo kinanuka sifa, usidhani anakisifu.

Kima asiye na kidole gumba

Tuache maji sasa, tuende Unguja. Ukitoka mjini Zanzibar ukaelekea kusini-mashariki kwa yapata kilometa 35, utafika msitu wa Jozani. Tangu mwaka 2004 msitu huo umekuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Humo utamwona kima punju.

Hutapata shida kumtambua. Mgongo wake una manyoya mekundu na meusi, tumbo lake ni jeupe, na uso mweusi umezungukwa na nywele nyeupe zilizotimka kama za mzee aliyeamka ghafla. Midomo na pua vina rangi ya waridi. Mkia wake ni mrefu, nao humsaidia kujisawazisha anaporuka kutoka tawi hadi tawi. Mtazame mikono. Vidole vyake vinne ni virefu, lakini mahali pa kidole gumba pana kinundu tu. Mikono ya namna hiyo hushika tawi kama kulabu.

Kima punju ni mamalia. Damu yake ni moto, hupumua kwa mapafu, na jike humnyonyesha mtoto wake. Huishi kwa makundi, na kundi moja huweza kufika wanyama 50.

Chakula chake kikubwa ni majani machanga, na maua, na matunda mabichi. Hapana, hatukukosea, ni matunda mabichi, si mabivu. Tumbo lake limegawanyika katika vyumba, kama tumbo la ng'ombe, na ndani yake wamo bakteria wanaoyachachusha majani ili yamenyeke. Matunda mabivu yana sukari nyingi, na sukari hiyo huvuruga kazi ya bakteria hao. Basi ndizi mbivu, ambayo wewe ungeikimbilia, kwa kima punju ni maradhi.

Majani nayo yana hila. Mimea haiwezi kukimbia inapoliwa, kwa hiyo mingi hujikinga kwa kutia majani yake kemikali kali. Kima punju wanaoishi kando ya mashamba hula majani ya mwembe na ya mkungu, ambayo yana kemikali hizo kwa wingi. Wanafanyaje? Hula mkaa. Huushuka mti, huokota kipande cha mkaa kilichoachwa na wachoma mkaa au kilichobaki jikoni, hupanda nacho juu, na kukitafuna. Mkaa huzinasa kemikali hizo tumboni, hata zisiweze kuwadhuru. Hospitali nazo hutumia mkaa uliotengenezwa maalumu kwa mtu aliyemeza sumu ya aina fulani. Wewe usijaribu kula mkaa wa jikoni. Tumbo lako si la kima.

Neno punju maana yake ni sumu. Yasemekana watu wa Unguja walimpa jina hilo kwa sababu ya harufu yake, tena waliamini kwamba mti anaoula hufa. Tutaona baadaye kama imani hiyo ilikuwa na ukweli.

Kwa nini Unguja, si Pemba?

Kima punju hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vilivyo kando yake. Jamaa yake wa bara, mbega mwekundu wa Udzungwa, yuko mbali kwenye misitu ya mikoa ya Morogoro na Iringa. Na Pemba, kisiwa chenye mvua na miti mingi kuliko Unguja, hakikuwa na kima punju hata mmoja. Kwa nini?

Sababu ni kina cha bahari. Yapata miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kali. Maji mengi yaliganda na kuwa barafu, hasa katika nchi za kaskazini, na bahari zote zikashuka zaidi ya meta 100. Sasa kumbuka kile kina cha mkondo wa Unguja, meta 60 au pungufu. Bahari iliposhuka hivyo, mkondo ulikauka. Pale ambapo leo boti zinapita kwa mwendo wa kasi, palikuwa na nchi kavu, na wanyama walitembea kwa miguu kati ya bara na Unguja. Barafu ilipoyeyuka, maji yalipanda tena, na wanyama waliokuwa upande wa Unguja wakabaki kisiwani.

Lakini mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya meta. Huo haukukauka. Kilindi kile kile kimpacho papa makao yake ndicho kilichomzuia kima asifike Pemba.

Mwaka 1974 watu waliwahamishia kima punju wachache msitu wa Ngezi, kaskazini ya Pemba, ili wawe na makao mengine. Miongo kadhaa baadaye watafiti walikwenda kuwatafuta. Waliwakuta, lakini idadi yao haikuzidi makumi. Hawakuwa wamekwisha, lakini pia hawakuwa wameenea. Kwa nini waliongezeka polepole hivyo? Hapa ndipo tunapofika kwenye lile swali lako.

Tuwalinganishe

Tofauti za wanyama hawa waweza kuzitaja mwenyewe. Mmoja ni samaki, wa pili ni mamalia. Mmoja ana gegedu, wa pili ana mifupa. Mmoja ana damu baridi na matamvua, wa pili ana damu moto na mapafu. Mmoja hula samaki wengine, wa pili hula majani. Mmoja huishi gizani, wa pili hulala giza linapoingia. Wote wawili wana uti wa mgongo, na kwa hiyo wamo katika kundi kubwa la wanyama wenye uti wa mgongo. Lakini hata wewe na chura mmo katika kundi hilo.

Sasa tuulize habari ya uzazi. Mwalimu akiuliza darasani, "Samaki huzaaje?" mikono mingi huinuliwa na wote hujibu, "Hutaga mayai." Jibu hilo ni kweli kwa samaki wengi, wala si kwa wote. Papa-kilindi huzaa mtoto hai. Yai lake ni kubwa, nalo huanguliwa ndani ya mwili wa mama. Mtoto hukua humo humo akila kiini cha yai lake mwenyewe, wala hapokei chakula kutoka damu ya mama kama mtoto wa mamalia. Anapozaliwa, urefu wake huwa yapata theluthi moja ya urefu wa mama. Huja duniani akiwa tayari, mwenye meno, na mama hamlei hata siku moja.

Katika jamaa hii wako papa wanaozaa mtoto mmoja tu kwa uzazi mmoja, na mimba ya baadhi yao hukaa karibu miaka 2. Tembo mwenyewe hachukui mimba kwa muda zaidi ya huo. Tena papa jike hachukui mimba mapema. Hukaa miaka zaidi ya 10 kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza.

Kima punju je? Naye huzaa mtoto mmoja. Mimba hukaa yapata miezi 6, lakini mtoto hunyonya na kubebwa kwa muda mrefu, hata kati ya mtoto na mtoto hupita yapata miaka 2.

Basi umeona. Samaki wa gizani na kima wa mitini, ambao hawafanani kwa rangi, kwa damu wala kwa chakula, wanafanana katika jambo hili moja. Kila mmoja huzaa mtoto mmoja mmoja, tena kwa kungoja.

Hesabu ya watoto

Tuchukue panya wa nyumbani. Mimba yake hukaa yapata wiki 3, na huzaa watoto 6 au zaidi kwa mara moja. Ukiwaua panya 20 nyumbani kwenu mwezi huu, baada ya miezi michache utawakuta tena, na pengine ni wengi kuliko wa kwanza. Dagaa wa baharini hutaga mayai kwa maelfu. Mengi huliwa na samaki wengine, lakini yanayobaki hutosha kurudisha kundi.

Sasa tuseme papa-kilindi mmoja jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15, kisha huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka 3. Atazaa akiwa na miaka 15, 18, 21, 24, 27 na 30. Katika miaka 30 ya maisha yake amepata watoto 6. Mvuvi akimtoa majini akiwa na miaka 14, amepata watoto wangapi? Hakuna hata mmoja. Na mvuvi hana njia ya kumwuliza umri wake.

Kwa maelfu ya miaka uzazi huu wa polepole haukuwa kasoro. Kilindini maadui ni wachache na chakula ni haba. Huko inafaa kuzaa mtoto mmoja mkubwa kuliko kuzaa mamia ya watoto dhaifu. Juu ya miti ni vivyo hivyo; mtoto mmoja aliyebebwa vizuri ana heri kuliko watatu wanaoanguka. Uzazi wa polepole hugeuka kuwa hatari pale tu mnyama anapopata adui mpya ambaye huchukua wengi kwa haraka.

Yaliyowapata

Kusini-magharibi ya India viko visiwa vya Maldivi. Yapata mwaka 1980 wavuvi wa huko walianza kuwavua papa-kilindi kwa ajili ya ini. Mafuta ya ini hilo yana kitu kiitwacho skwaleni, ambacho hutiwa katika vipodozi na katika baadhi ya dawa. Mwanzoni mavuno yalikuwa makubwa, na fedha ilikuwa nzuri. Baada ya miaka michache mavuno yalianza kupungua. Baada ya miaka 20 hivi uvuvi huo ulikuwa umeanguka. Mwaka 2010 serikali ya Maldivi ilipiga marufuku uvuvi wa papa wa aina zote. Skwaleni hupatikana pia katika zeituni na hutengenezwa kutokana na miwa, lakini kwa wafanyabiashara wengi ini la papa lilikuwa njia fupi.

Je, wavuvi wetu hufika kilindini? Mashua ya kawaida ya Kunduchi haina haja ya kwenda huko. Lakini nyavu za papa, ziitwazo jarife, zimepata kuteremshwa chini sana katika sehemu fulani za pwani yetu. Tunalijua hilo kwa sababu ya samaki mwingine. Mwezi Septemba 2003, wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, walimnasa silikanti, samaki wa kale aishiye kwenye kina kirefu. Kuanzia mwaka 2004 silikanti wengi walinaswa Tanga katika nyavu za jarife. Hakuna aliyewakusudia, wavuvi walitaka papa. Wavu hauchagui. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti huko Tanga.

Kima punju naye ana adui zake, na wengi hawakukusudia kumdhuru. Misitu ya Unguja imekatwa kwa ajili ya mashamba, kuni, mkaa na nyumba. Barabara kubwa iendayo pwani ya kusini-mashariki hupita Jozani, na magari yaliwagonga kima wengi waliokuwa wakivuka. Matuta yalipojengwa barabarani, magari yalilazimika kupunguza mwendo, na vifo vikapungua. Udongo na lami kidogo vilifanya kazi ambayo vibao vya onyo havikuifanya.

Lilikuwapo pia shauri la nazi. Wakulima waliokaa karibu na msitu walilalamika kwamba kima punju wanakula nazi changa na kuwatia hasara. Watafiti walihesabu nazi kwenye minazi, mti kwa mti, na kutoa matokeo yao mwaka 1999. Waliona kwamba pale kima walipokula nazi changa, mavuno ya nazi zilizokomaa hayakupungua. Mnazi huangusha wenyewe nazi nyingi changa usizoweza kuzilisha. Kima wanapozipunguza, zilizobaki hupata nafasi ya kukua. Kwa hiyo ile imani kwamba mti anaoula kima hufa haikuthibitishwa na hesabu. Hata hivyo mkulima aliyeliwa mboga au matunda hasara yake ni ya kweli, na si haki kumwambia avumilie bure. Kwa sababu hiyo sehemu ya fedha zinazolipwa na watalii Jozani hugawiwa vijiji vya jirani.

Hesabu ya kima punju iliyotangazwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wako zaidi ya 5,800. Watu walifurahi, maana ni wengi kuliko ilivyodhaniwa. Lakini fikiri kidogo. Wote hao, kima punju karibu wote walio duniani, wangeweza kuketi katika sehemu moja tu ya Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke, na viti zaidi ya 50,000 vingebaki vitupu.

Msitu ulio karibu nawe

Usidhani kwamba habari hizi ni za mbali tu. Nje kidogo ya jiji lako iko misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, na msitu wa Pande, si mbali na Mabwepande. Ndani ya misitu hiyo yuko komba mdogo aitwaye komba wa Rondo. Uzito wake ni yapata gramu 60, karibu sawa na yai la kuku. Mkia wake umetimka manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Naye, kama kima punju, ni wa jamii ya nyani na yumo katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka. Huishi katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, kutoka nyanda za Rondo, Lindi, hadi huku kwetu.

Misitu hii imekuwa ikikatwa kwa miaka mingi ili kupata mkaa, na mkaa huo ulikuja mjini kupikia ugali na wali wa watu wa Kinondoni, Ilala na Temeke. Mama au shangazi anayenunua mkaa hana nia ya kumdhuru komba. Anataka watoto wale kabla ya kwenda shule. Lakini mti aliolala komba ukikatwa, komba hana pengine pa kwenda, kwa maana upande mmoja ni msitu na upande wa pili ni nyumba.

Kazi ya kufanya

Tafuta chupa mbili ndogo za plastiki zilizo sawa. Moja ijaze mafuta ya kupikia, ya pili ijaze maji. Zifunge vizuri. Kila moja ifunge msumari mmoja kwa uzi. Misumari iwe sawa. Zitumbukize kwenye ndoo ya maji kwa wakati mmoja. Chupa ipi huzama upesi? Andika ulichokiona, kisha ueleze kinahusianaje na ini la papa.

Maswali

1. Kwa nini mimea haiwezi kuishi kwenye kina cha meta 1,000?
2. Papa hana mfuko wa hewa. Ni nini kinachomsaidia asizame?
3. Kwa nini kima punju hali matunda mabivu?
4. Eleza jinsi kina cha bahari kilivyosababisha kima punju wawepo Unguja na wasiwepo Pemba.
5. Papa-kilindi jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 12, kisha mtoto mmoja kila baada ya miaka 4. Atakuwa amepata watoto wangapi afikapo miaka 32?
6. Kima jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 4, kisha mtoto mmoja kila baada ya miaka 2. Naye atakuwa amepata wangapi afikapo miaka 14? Nusu yao wakigongwa na magari, wamebaki wangapi?
7. Mwulize mtu mzima nyumbani kwenu mkaa mnaoutumia hutoka wapi, au kama mnatumia gesi, mlianza lini. Andika jibu lake kama alivyolisema, ulilete darasani.